Mtoto hangoji nyumba mpya: anza na dari, sakafu na maji

KATIKA vijiji vingi vya wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, si ajabu kukuta misingi ya nyumba iliyoota majani. Msingi ulichimbwa mwaka ambao ufuta ulipata bei nzuri au machungwa yalipata wateja, kozi mbili tatu za matofali zikapandishwa, kisha fedha ikaisha. Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba ya zamani ya miti na udongo ambamo familia bado inaishi, na humo humo amezaliwa mtoto, pengine wa pili tangu msingi ule uchimbwe.

Hakuna anayebisha kwamba nyumba bora ni jambo jema. Kinachogomba ni mpangilio. Kwa familia yenye mtoto mchanga na kipato cha msimu, fedha kidogo inayotumika kurekebisha nyumba inayolaliwa leo huzaa faida haraka kuliko fedha hiyo hiyo ikizikwa kwenye msingi utakaosubiri miaka mitano. Faida yenyewe huonekana katika afya ya mtoto, na pia katika shamba, kwa sababu mtoto anapougua ni jembe la mama yake linalolala.

Chukua mfano wa familia inayolima ekari tatu za mahindi kwa jembe la mkono. Kupalilia ekari moja huweza kuchukua siku nane hadi kumi za mtu mmoja. Mtoto akipata homa mara mbili katika Aprili na Mei, na kila mara mama akapoteza siku nne au tano za kumpeleka zahanati na kumuuguza, palizi ya ekari nzima imekwenda. Sera ya afya inamsamehe malipo mtoto aliye chini ya miaka mitano katika vituo vya Serikali, lakini haimlipi mkulima nauli ya bodaboda, wala haimrudishii magunia aliyonyang'anywa na magugu.

Kwa nini misingi huanza mapema

Si sahihi kuwaita wakulima hawa watu wasiojua hesabu. Fedha taslimu haikai nyumbani. Ndugu huomba, shule hudai, na bei za vifaa hupanda. Mkulima anayenunua bati tano kila mavuno anaweka akiba isiyoombwa na mtu. Msingi nao hulinda kiwanja na kumpa mwenye nyumba heshima mbele ya majirani.

Vilevile mkulima mdogo hana pa kukopa fedha za nyumba. Benki ya Nyumba Tanzania (THB), iliyoanza kazi mwaka 1973, ilifungwa mwaka 1995. Tangu hapo wengi hujenga kwa vipande, kadiri ya mavuno.

Tatizo ni kwamba akiba za aina hii hazilingani. Bati likihifadhiwa vizuri hukaa miaka mingi bila kupungua thamani. Saruji iliyowekwa miezi kadhaa mahali penye unyevu hupoteza nguvu na kuganda ndani ya mfuko. Matofali mabichi hurudi kuwa udongo masika ikiyakuta nje. Msingi usioezekwa hauuziki kwa urahisi na haumsitiri mtu na mvua.

Ukarabati wa nyumba ya zamani una sifa nyingine ambayo wengi huisahau, nayo ni kwamba sehemu kubwa ya vifaa vyake inahamishika. Mlango, fremu za madirisha zenye wavu, gata na simtanki vyote vitang'olewa na kupelekwa nyumba mpya siku itakapokamilika. Kinachobaki ni sakafu, nayo haipotei, kwa sababu nyumba ya zamani huweza kuwa ghala la mahindi au jiko.

Kalenda mbili katika nyumba moja

Mkulima wa Handeni na Korogwe anaijua kalenda ya shamba. Mvua za masika huwa Machi hadi Mei, na vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba. Fedha ya mahindi ya masika huanza kuonekana Julai na Agosti, nayo ndiyo miezi mikavu inayofaa kwa ujenzi. Januari hadi Aprili ni miezi ya ghala tupu.

Mtoto naye ana kalenda yake. Siku 40 za kwanza mama hutakiwa kupumzika na mtoto hukaa ndani muda wote. Katika miezi ya mwanzo mtoto hulindwa kwa kiasi na kinga aliyoipata kwa mama yake, lakini anapokaribia miezi sita kinga hiyo hupungua na malaria humpata kwa urahisi zaidi. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa huanza kukaa na kutambaa, na kila anachookota sakafuni hukitia kinywani.

Familia inapaswa kuziweka kalenda hizi mbili pamoja. Mtoto aliyezaliwa Januari atatambaa Julai au Agosti, wakati mahindi yanavunwa, hivyo sakafu yake inaweza kulipiwa na mavuno hayo hayo. Aliyezaliwa Julai atatambaa Januari au Februari, wakati hakuna fedha. Kwa huyu wa pili, sakafu itengwe fungu mapema, Agosti au Septemba, angali anabebwa. Familia ikisema itasubiri hadi aanze kutambaa, itakuwa imekwisha chelewa.

Mahali pa kulala

Kazi ya kwanza, ambayo ingefaa ifanyike wakati mama bado ni mjamzito, ni kuzuia mbu. Mbu wa malaria huingia zaidi usiku, na katika nyumba za asili mlango wao mkubwa ni mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa. Mwanya huo huingiza hewa na kutoa moshi, lakini pia huwapa mbu njia ya moja kwa moja hadi kitandani.

Korogwe ni moja ya sehemu zilizochunguzwa sana nchini kuhusu malaria. Katika vijiji vya tambarare vilivyofuatiliwa na watafiti, watoto na vijana waliokutwa na vimelea walipungua kutoka takribani asilimia 78 mwaka 2003 hadi asilimia 13 mwaka 2008. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Kwa watoto waliochanjwa wakiwa na miezi mitano hadi 17 na kupata dozi zote nne, ugonjwa ulipungua kwa zaidi kidogo ya theluthi moja katika miaka minne hivi. Ni mafanikio makubwa, lakini sehemu iliyobaki ya kazi huangukia chandarua na nyumba yenyewe.

Kuhusu nyumba, ushahidi wa karibu zaidi uko wilaya jirani ya Muheza. Katika kijiji cha Magoda, wasanifu majengo na watafiti walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa, na wakarekebisha baadhi ya nyumba za kawaida. Walihesabu mbu ndani ya nyumba hizo kati ya mwaka 2014 na 2015, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Nyumba mpya zenye vyumba vya kulala ghorofani zilikuwa na mbu pungufu kwa asilimia 96 kuliko nyumba za kawaida, na mpya zisizo na ghorofa asilimia 77. Nyumba za zamani zilizorekebishwa tu zilipunguza mbu kwa asilimia 43.

Mkulima aisome takwimu hiyo ya mwisho kwa makini. Nyumba mpya inashinda, hilo halina ubishi. Lakini karibu nusu ya mbu waliondoka bila kuchimba msingi.

Nchini Gambia, utafiti uliohusisha nyumba 500 na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha jambo linalofanana. Watoto 30 kati ya 100 walikuwa na upungufu wa damu katika nyumba zisizorekebishwa. Palipowekwa nyavu milangoni, madirishani na kwenye mianya, idadi ilikuwa takribani 19, na palipowekwa dari ya wavu peke yake ilikuwa takribani 17. Hata hivyo, utafiti mwingine wa huko huko wa nyumba 800, uliotoka mwaka 2021, haukuona nafuu ya ziada kwa watoto waliokuwa tayari wanalala kwenye vyandarua. Milango ya wavu iliharibika haraka, na watoto walikaa nje hadi usiku. Funzo ni kwamba ukarabati haumwondoi mtoto kwenye chandarua, na mlango wa wavu uliochanika ni sawa na kutokuwa na mlango.

Kwa vipimo, nyumba ya mita nane kwa sita ina mzunguko wa mita 28. Wavu wa upana wa mita moja ukikatwa vipande vitatu kwa urefu, mita kumi za wavu zinatosha kuziba mwanya wote wenye kina kisichozidi sentimita 30. Ni afadhali kuziba kwa wavu kuliko kukandika udongo hadi juu, hasa chini ya bati, kwa sababu nyumba isiyopitisha hewa huwa na joto. Joto likizidi, mtoto hulia, mama huinua chandarua, na mbu hupata nafasi aliyokuwa akiingojea.

Chandarua chenyewe mama mjamzito hupewa kliniki, na mtoto hupata kingine anapokwenda kupata chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa. Familia iulize, na ikipewa ikitumie kitandani. Chandarua cha kuzungushia mbegu za nyanya au vifaranga hakimkingi mtoto.

Jiko litoke chumbani

Kazi ya pili ni moshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kuni na mkaa, vilichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mtoto mchanga huathirika zaidi kwa sababu mapafu yake ni madogo na hushinda mgongoni mwa anayepika.

Wapo wanaoutetea moshi kwamba hufukuza mbu. Hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba moshi wa kuni humkinga mtoto na malaria, ilhali madhara yake kwa kifua yanajulikana.

Utetezi wenye nguvu zaidi ni wa mkulima mwenyewe. Mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya moto ili yasibunguliwe, na paa la nyasi hudumu likipigwa moshi. Kwa hiyo anayehamisha jiko kwenda kibanda cha nje lazima apange pia hifadhi mpya ya mahindi. Mifuko isiyopitisha hewa na vihenge vya chuma hufanya kazi hiyo bila moshi na bila dawa, mradi mahindi yakaushwe vizuri na mfuko ufungwe barabara. Wanaoendelea kutumia dawa za ghalani waziweke kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na kitanda. Chupa ya dawa ya shambani iliyofichwa mvunguni ni hatari isiyosubiri mtoto aanze kutembea.

Kibanda cha jiko chenye paa na kuta nusu, pamoja na jiko banifu la udongo, ni kazi ya siku chache kwa mtu anayejua kukandika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Familia isiyomudu kujaza gesi leo haina sababu ya kungoja hadi mwaka huo ili kumwondoa mtoto kwenye moshi.

Sakafu kabla ya kutambaa

Sakafu ya udongo hutunza unyevu, viroboto na mayai ya minyoo, na kuku nao huingia na kutoka. Mama anaweza kuifagia mara tatu kwa siku na bado mtoto akapata kuhara.

Mexico ilijifunza hili kwa vitendo. Kuanzia mwaka 2000, jimbo la Coahuila liliwapa wananchi maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kuwa nyumba iliyobadilishiwa sakafu yote ya udongo kuwa ya saruji ilipunguza minyoo kwa watoto kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama nao walikuwa na furaha zaidi na msongo mdogo wa mawazo.

Si lazima kuanza na nyumba nzima. Chumba anacholala na kuchezea mtoto, cha mita tatu kwa tatu, kikimwagwa jamvi la sentimita tano na kusawazishwa juu, huhitaji mifuko mitatu hadi minne ya saruji ya kilo 50, pamoja na mchanga na kokoto. Barabara ya lami ya kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni imerahisisha usafiri wa vifaa hivyo, lakini kutoka barabarani hadi kijijini bado kuna gharama. Majirani watatu wakiagiza kwa pamoja, nauli ya gari hugawanyika.

Kabla ya kumwaga, udongo wa chini ushindiliwe sana na sakafu inyanyuliwe juu ya usawa wa nje ili maji ya mvua yasiingie. Baada ya kumwaga, imwagiliwe maji kwa siku saba. Sakafu nyingi zinazomenyuka kama ugoko wa mwiko ziliachwa zikauke kwa siku moja, familia ikarudisha kitanda.

Asiyemudu saruji ana njia nyingine. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2014, kampuni ya EarthEnable imekuwa ikitengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuzuia maji, kwa gharama iliyo chini ya saruji. Mafuta hayo si ya kukosea kuchagua, lakini kazi ya kuchekecha udongo, kuuchanganya na mchanga na kuushindilia, mafundi wa vijijini wanaiweza. Sakafu ya udongo wa kichuguu iliyoshindiliwa vizuri, ikafunikwa tabaka jembamba la saruji na mchanga, ni bora kuliko vumbi.

Maji ya paa

Handeni na shida ya maji ni majirani wa siku nyingi. Mradi wa Handeni Trunk Main, maarufu kwa jina la HTM, ulijengwa miaka ya 1970 kuchota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe, lakini idadi ya watu ikaupita. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani ni miongoni mwa maeneo yaliyowekwa kwenye Mradi wa Maji wa Miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022 kwa mkopo wa India. Kwa mwenye mtoto mchanga katika kitongoji kilicho mbali na bomba, paa linaweza kufika kabla ya bomba.

Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la bati la mita nane kwa sita ni mita za mraba 48. Mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 38,400. Ukitoa asilimia 20 inayomwagika, zinabaki takribani lita 30,000. Akiweka gata upande mmoja tu, apige nusu, yaani lita 15,000.

Kikwazo ni chombo cha kuhifadhia. Simtanki la lita 2,000 ni sawa na madumu 100 ya lita 20. Nyumba ikitumia lita 50 kwa siku kwa kunywa, kupika na kumwogesha mtoto, na kufulia kukafanyika kwa maji mengine, tanki hilo litakwenda siku 40. Ndizo zile zile siku 40 ambazo mama hatakiwi kubeba dumu kichwani. Mume anayejiuliza ampe mkewe zawadi gani ya uzazi ana jibu hapo.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tanki lifunikwe kwa wavu, la sivyo litageuka kiwanda cha mbu. Maji ya mtoto kunywa yachemshwe.

Fedha itoke wapi

Kosa linalogharimu ni kuuza mahindi yote Julai, bei ikiwa chini, ili kukusanya fedha ya msingi. Ukarabati hauhitaji hivyo. Familia ipige hesabu ya wavu, saruji na ujira wa fundi kwa bei za dukani siku hiyo, iuze magunia yanayolingana na fungu hilo tu, na mengine iyahifadhi mpaka bei ipande. Mwenye machungwa awe mwangalifu asiuze matunda yangali maua ili apate saruji, kwani mnunuzi wa namna hiyo hujipangia bei yake.

Wakulima wadogo wa mkonge katika AMCOS za Hale, Magunga, Magoma, Mwelya na Ngombezi wilayani Korogwe wana nafasi tofauti, kwa sababu mkonge haufuati msimu mmoja kama mahindi. Malipo ya kila ukataji yanaweza kutengewa kazi moja, leo wavu, ukataji unaofuata sakafu.

Vikoba vinafaa zaidi kwa kazi hizi kuliko kwa nyumba nzima. Mkopo mdogo wa miezi mitatu unaweza kulipa chumba kimoja na kurejeshwa baada ya mavuno. Anayekopea msingi hulipa riba juu ya kitu ambacho hakijamsitiri. Kina mama wanaotaka sakafu wapange ianze mara baada ya kikundi kugawana akiba, kabla fedha haijazoea mfuko.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ni ya miradi ya uzalishaji. Kuihamishia kwenye saruji ni kujitafutia deni lisilo na chanzo cha kulilipa.

Jambo jingine ni nani anaamua. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeuza gunia, mama ndiye anayeamka usiku. Mzee wa ukoo huulizia msingi, bibi aliyekuja kumlea mzazi huona moshi na unyevu. Familia ikae na kusikiliza pande zote kabla ya kumwita fundi. Baba asione haya kwamba amenunua wavu wakati jirani amepandisha kozi.

Fundi akiwa ndani

Ukarabati nao unaweza kumdhuru mtoto usipopangwa. Saruji mbichi huunguza ngozi, na vumbi lake si la mapafu ya mtoto mchanga. Mama na mtoto walale kwa jirani au kwa ndugu hadi sakafu ikomae. Shimo la mchanga, ndoo ya maji na misumari iliyotapakaa viondolewe kila jioni. Kazi igawanywe chumba kwa chumba ili pawepo mahali pakavu pa kulala, na ikamilike kabla ya mvua za Oktoba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta utajengwa, na msingi ulioota majani utapandishwa kozi siku yake ikifika, pengine na kijana yule yule anayebebwa leo mgongoni. Mwaka huu, kabla gunia la kwanza halijawekwa kwenye mizani, mume na mke wahesabu kwa vidole mtoto wao ana miezi mingapi na atatambaa mwezi gani, kisha wapeleke fedha huko kwanza.